Kadi Isiyo na Riba: Ulipe Kiasi Gani Mwisho wa Mwezi?

Mkulima wa ngano hapa Njoro akinunua mbolea na dawa za shilingi 60,000 kwa kadi ya mkopo, taarifa ya mwezi itamwonyesha viwango viwili: deni lote, na malipo ya chini, tuseme asilimia 10, yaani 6,000. Wengi hulipa hizo 6,000 wakiamini riba bado haijaanza. Sivyo. Malipo ya chini yanakuepusha na faini ya kuchelewa na kupelekwa CRB (shirika la kumbukumbu za wakopaji), basi. Msamaha wa riba ni wa anayelipa deni lote kufikia siku ya mwisho.

Tuchukulie riba ya asilimia 3 kwa mwezi. Akiendelea na malipo ya chini peke yake, baada ya miezi sita atakuwa ametoa takriban 30,000, na bado anadaiwa karibu 37,000. Elfu saba zimeliwa na riba. Na benki ikihesabu riba tangu siku ya ununuzi, ni mbaya zaidi, kwa hiyo uliza kabla ya kutia sahihi.

Siku za msamaha pia hazilingani. Ikiwa taarifa hutoka tarehe 25 na mwisho wa kulipa ni tarehe 15, ununuzi wa Juni 26 unapata siku 50. Wa Juni 24, siku 21 tu. Pesa taslimu za ATM kwa kawaida hazipati hata siku moja.

Ndiyo maana naona kadi hii inamfaa zaidi mfanyakazi wa Chuo Kikuu cha Egerton, ambaye mshahara wake huingia kila mwezi: aiagize benki imkate deni lote, si kiwango cha chini. Ngano hukaa shambani miezi minne au zaidi, na hakuna msamaha wa siku 50 utakaoifikia. Kwa pembejeo, heri mkopo wa sacco ambao marejesho yake yamepangwa kufuata mavuno.

Kama deni tayari limekukalia, acha kununua kwa kadi hiyo, kwani manunuzi mapya nayo huanza kutozwa riba. Kisha jiwekee kiasi kisichopungua. Yule mkulima, baada ya 6,000 za kwanza, akitoa 10,000 kila mwezi, atamaliza kwa malipo sita.