Mtindi Mzito: Lishe Iliyopo Tayari Zizini

Kikopo kidogo cha mtindi wa Kigiriki katika maduka makubwa ya mijini mara nyingi huuzwa ghali kuliko lita nzima ya maziwa yanayokamuliwa hapa Dutwa, Bariadi, asubuhi. Tofauti yake na mtindi wa kawaida ni moja: umechujwa. Mtindi unamiminwa kwenye kitambaa, maji yanavuja, unabaki mzito. Waarabu wa Shamu nao huutengeneza hivyo hivyo na kuuita labneh. Kwa hiyo kaya ya Dutwa yenye ng'ombe wa kukamua haina haja ya kuifuata lishe hii Bariadi mjini wala Mwanza. Inachohitaji ni kujua mtindi upi unamfaa nani, na jinsi ya kuutengeneza kwa usalama.

Kilichomo ndani yake

Gramu 100 za mtindi wa kawaida, wa maziwa yasiyoenguliwa mafuta, zina protini gramu 3.5 hivi. Gramu 100 za mtindi mzito zina protini kama gramu 9. Bakuli dogo la gramu 200 linampa mlaji gramu 18, wakati mtoto wa miaka 4 hadi 8 anahitaji gramu 19 hivi kwa siku nzima.

Kwa mlo wa Usukumani, hilo ni jambo kubwa. Michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) na ugali wa muhogo vinashibisha, lakini protini yake ni kidogo. Ugali wa mahindi una upungufu wa lisini, kijenzi cha protini ambacho mwili hauwezi kujitengenezea. Maziwa yana lisini ya kutosha, ndiyo maana ugali kwa maziwa ya mgando ni mlo uliokamilika zaidi kuliko ugali kwa mlenda mtupu. Mtindi pia una vitamini B12, ambayo haipatikani katika nafaka wala mboga za majani. Kitu kimoja ambacho mtindi hauna cha kutosha ni madini ya chuma. Dagaa, maharage, nyama na mboga za majani visiondoke mezani kwa sababu maziwa yapo.

Kuchuja kuna hasara yake

Maji yanayovuja hayatoki matupu. Chukua lita tatu za mtindi: zina kalsiamu, madini ya mifupa na meno, inayokaribia miligramu 3,600. Zikichujwa hupatikana kilo moja na robo hivi ya mtindi mzito, yenye kalsiamu kama miligramu 1,250. Sehemu kubwa ya iliyobaki imo kwenye yale maji ya rangi ya kijani-njano ambayo wengi humwaga. Usiyamwage. Yapikie uji badala ya maji matupu, au yatie kwenye mboga.

Kutokana na hesabu hiyo, kiangazi, ng'ombe wa asili anapotoa lita moja tu au hata chini ya hapo, familia ile mtindi wake bila kuuchuja. Chuja pale maziwa yanapokuwa mengi, na mtindi mzito mpe kwanza mwenye tumbo dogo au asiye na hamu ya kula: mtoto aliyeachishwa ziwa, bibi au babu anayekula vijiko vichache tu, mgonjwa anayepata nafuu. Huyo anapata protini nyingi katika kiasi kidogo cha chakula.

Watu ambao maziwa yasiyogandishwa huwajaza gesi au kuwaharisha mara nyingi huuvumilia mtindi, kwa kuwa bakteria wamekwisha kula sehemu ya sukari ya maziwa. Mtoto wa chini ya miezi sita apewe maziwa ya mama pekee. Baada ya hapo mtindi salama unaweza kuchanganywa kidogo kidogo kwenye uji wake, huku akiendelea kunyonya. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza kituo cha afya, kwani protini nyingi inaweza kumdhuru.

Chemsha kwanza

Maziwa mabichi yanaweza kubeba vimelea vya bruselosi, ugonjwa wa kutupa mimba kwa ng'ombe unaomletea binadamu homa za muda mrefu na maumivu ya viungo, na pia kifua kikuu cha ng'ombe. Uchachu wa mgando si kinga ya kutegemewa. Kinga ni moto.

Wengi huacha kuchemsha kwa sababu maziwa yaliyochemshwa hayagandi vizuri yenyewe. Ni kweli, kwa kuwa moto umeua pia bakteria wa kugandisha. Dawa yake ni kuwarudisha kwa kutia mtindi wa kuanzishia. Kazi hii haihitaji kiwanda. Jijini Mwanza, kuanzia mwaka 2004, akina mama wa kikundi cha Tukwamuane walitengeneza mtindi kwa namna hiyo wakishirikiana na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na Chuo Kikuu cha Western cha Kanada. Mtindi wao uliongezwa bakteria rafiki, Lactobacillus rhamnosus GR-1, na miongoni mwa walengwa wake walikuwa watu wanaoishi na VVU.

Hatua kwa hatua

1. Chuja maziwa, yachemshe hadi yatokote, yaache motoni dakika chache huku ukikoroga.
2. Yapooze mpaka yawe vuguvugu: kidole kidogo kilichooshwa kivumilie humo ukihesabu hadi kumi.
3. Kwa kila lita tia vijiko viwili au vitatu vya mtindi usio na sukari, uliotokana na maziwa yaliyochemshwa. Ukitia mgando wa maziwa mabichi, umerudisha vimelea uliokwisha kuwaua.
4. Funika, vingirisha chombo kwa blanketi, usikitikise kwa saa sita hadi nane.
5. Tenga vijiko vya kuanzishia mtindi wa kesho.
6. Chemsha kitambaa cheupe cha pamba, kianike juani, kisha mimina mtindi, funga na uning'inize juu ya sufuria safi kwa saa mbili hadi nne, mahali penye ubaridi pasipo na nzi. Penye joto kali, fanya usiku.

Bila friji, mtindi uliwe siku hiyo au kesho yake. Ukiota ukungu au ukinuka tofauti, utupe wote.

Chombo na dawa za mifugo

Huku kwetu kwenye pamba, makopo na madumu ya viuatilifu yako kila mahali. Lililowahi kubeba dawa ya pamba lisiguse maziwa kamwe, hata likioshwa mara ngapi. Ng'ombe akidungwa antibayotiki, maziwa yake yasitumike mpaka siku alizotaja mtaalamu wa mifugo ziishe. Licha ya kuwa hatari kwa mlaji, dawa hiyo huua bakteria wa mtindi, na maziwa yanakataa kuganda.

Ukinunua dukani

Soma lebo kwa gramu 100. Protini gramu 8 hadi 10 ni mtindi uliochujwa kweli. Protini gramu 3 au 4 ni mtindi wa kawaida, na kama ni mzito huenda umeongezwa wanga au jelatini. Sukari ya maziwa yenyewe haizidi sana gramu 4 au 5. Penye gramu 12, karibu vijiko viwili vya chai vimeongezwa. Angalia pia alama ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) na tarehe ya mwisho wa matumizi.

Masika majani yanapokuwa mengi na maziwa kuongezeka, mnunuzi hufika na ndoo yake asubuhi na mapema. Kabla hajapimiwa, pima kwanza ya watoto na wazee wa nyumbani. Lita moja iliyobaki nyumbani, ikachemshwa na kugandishwa vizuri, ni lishe ambayo fedha ya lita hiyo haitoshi kuinunua dukani.