Dondoo muhimu: Kununua prosesa iliyohakikishiwa kasi

Prosesa mbili za modeli ileile hazilingani zinapoongezwa kasi kupita ya kiwandani: moja hufika gigahezi 5 bila shida, nyingine hufanya kompyuta igande. Ndiyo maana Silicon Lottery ya Marekani, hadi ilipofunga mwaka 2021, ilizipima moja moja na kuuza zilizofaulu kwa bei ya juu.

Ukinunua prosesa iliyopimwa hivyo, usitazame gigahezi peke yake. Dai kujua volteji iliyotumika, mazabodi na aina ya kipozeo. Kasi ileile kwa volti 1.30 ni bora kuliko kwa 1.40, maana joto linapungua. Uliza pia jaribio la muuzaji lilidumu muda gani. Kwa Intel, ili uweze kuongeza kasi, tafuta herufi K kwenye jina la prosesa na mazabodi yenye chipseti ya mfululizo wa Z. Soma dhamana ya muuzaji kwa makini: ya kiwandani kwa kawaida hailipii prosesa iliyoungua kwa kuongezwa kasi.