Mashine pepe imegoma? Usifute chochote kwanza

Wadogo zangu, kuna barua moja imenikaa moyoni. Imetoka kwa mhasibu wa shule. Programu yake ya kuweka kumbukumbu za ada ni ya zamani, haikubali kitu kingine ila Windows 7. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 tangu tarehe 14 Januari 2020, kwa hiyo fundi alimwekea ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta inayoendeshwa ndani ya kompyuta nyingine, kwa kutumia programu ya VirtualBox, kwenye kompyuta ya mezani yenye Windows mpya. Ikafanya kazi bila shida, mpaka juzi umeme ulipokatika akiwa katikati ya kuingiza risiti. Uliporudi, akafungua VirtualBox, akakuta chini ya jina la mashine yake pameandikwa “Inaccessible”. Jirani wa ofisi akamshauri afute kila kitu aanze upya. “Dada, ndiyo kusema ada za watoto wote zimepotea?”

Pole sana, mdogo wangu. Kwa dalili ulizonieleza, kuna uwezekano mkubwa kwamba hazijapotea. Huyo jirani mshukuru kwa kukujali, ila ushauri wake usiufuate. Nimeona mashine pepe nyingi zikigoma baada ya umeme kukatika, na mara nyingi data ilikuwa salama kabisa mpaka pale mwenyewe, kwa hofu, alipoanza kubonyeza hiki na kile. Kwa hiyo acha kwanza. Usiwashe, usifute, usisakinishe. Na programu ikikuuliza kuhusu kuiondoa mashine, chaguo la “Delete all files” usiliguse hata kidogo.

Tuangalie pamoja mashine yenyewe inakaa wapi. Kwenye folda yako ya mtumiaji kuna folda inayoitwa “VirtualBox VMs”, na ndani yake kuna folda yenye jina la mashine yako. Ifungue. Utaona faili kubwa kuliko yote, la gigabaiti nyingi, linaloishia na .vdi. Hiyo ndiyo diski ya mashine: Windows 7, programu ya ada, majina ya watoto, vyote vimo humo. Kando yake kuna faili dogo sana, la kilobaiti chache, linaloishia na .vbox. Hilo ni maelezo tu: mashine ipewe kumbukumbu kiasi gani, diski yake iko wapi, kadi ya mtandao ni ipi. Kuna folda ya “Logs”, na huenda ikawepo na ya “Snapshots”. Neno “Inaccessible” maana yake ni kwamba VirtualBox imeshindwa kusoma lile faili dogo la maelezo au haikulikuta mahali pake. Kuhusu diski yako haijasema neno lolote baya.

Kabla ya kurekebisha chochote, funga VirtualBox kisha nakili folda nzima ya mashine kwenye diski ya nje. Nasema folda nzima, hata yale mafaili usiyoyaelewa. Hapa wengi hukwama kwa sababu ya flashi. Unanakili, kompyuta inakuambia faili ni kubwa mno, na wewe unaona flashi ina nafasi ya kutosha. Tatizo ni kwamba flashi nyingi huja zimefomatiwa kwa FAT32, na mfumo huo haupokei faili moja linalofika gigabaiti 4. Tafuta diski ya nje yenye NTFS au exFAT, au ifomati flashi iwe exFAT ukishahamisha vilivyomo, maana kufomati kunafuta. Nakala hii ya kwanza iweke kando, uandike tarehe juu yake, wala usiijaribie kitu.

Kama kunakili kunakwama kila mara mahali palepale, au diski ya kompyuta inatoa milio ya kugongagonga, hapo mgonjwa ni diski ya kompyuta yenyewe. Zima kompyuta. Mpelekee fundi anayejua kutumia ddrescue, programu inayonakili kwanza sehemu zinazosomeka vizuri ndipo irudie zile ngumu. Kila saa unayoendelea kuiwasha diski ya namna hiyo unaipunguzia nafasi ya kupona.

Nakala ikiwa imetoka salama, turudi kwenye lile faili dogo. Kwanza iambie Windows ionyeshe viendelezi vya majina ya mafaili, la sivyo utajikuta umetengeneza kitu kinachoitwa ada.vbox.vbox na hutaelewa kwa nini hakifanyi kazi. Kisha tazama ukubwa wa faili la .vbox. Baada ya umeme kukatika, mara nyingi utakuta ni kilobaiti 0, au ukilifungua kwa Notepad unaona nafasi tupu na alama zisizosomeka. Sasa angalia jirani yake: lipo jingine linaloishia na .vbox-prev. VirtualBox yenyewe hulihifadhi kila inapobadilisha maelezo, ni toleo la nyuma yake tu. Lifungue kwa Notepad. Ukiona maandishi yanayosomeka, yakianza na neno xml na kuendelea na jina la mashine yako, shukuru Mungu, umefika. Funga VirtualBox kabisa, badilisha jina la faili lililoharibika (liite .vbox-bovu), nakili lile la .vbox-prev, na nakala yake iite .vbox. Fungua VirtualBox tena. Kwa tatizo kama la huyu mhasibu wetu, kazi mara nyingi inaishia hapo.

Ikiwa hata .vbox-prev limeharibika, unaweza kutengeneza mashine mpya ya aina ileile, na inapokuuliza kuhusu diski, uielekeze kwenye faili la .vdi lililopo badala ya kutengeneza jipya. Lakini subiri, usikimbilie. Hapa ndipo watu wanapopoteza data ambayo umeme haukuigusa.

Fungua folda ya “Snapshots”. Ikiwa tupu au haipo, endelea bila wasiwasi. Ikiwa ina mafaili ya .vdi yenye majina marefu ya tarakimu na herufi ndani ya mabano, simama. Unapopiga snapshoti, yaani kuhifadhi hali ya mashine ya wakati huo, VirtualBox huacha kuandika kwenye diski ya msingi na kuanza kuandika mabadiliko yote kwenye faili jipya. Diski ya msingi inabaki ilivyokuwa siku ile. Kama snapshoti ilipigwa Januari, basi ada zote za kuanzia Februari haziko kwenye lile faili kubwa unaloliona, ziko kwenye haya yenye majina marefu. Ukiiwasha mashine mpya kwa diski ya msingi peke yake, mambo mawili yanatokea. Kwanza utaona data ya Januari, utadhani nyingine imepotea, utalia bure. La pili ni baya zaidi: kule kuwasha tu kunaandika vitu vipya kwenye diski ya msingi. Kila faili la mabadiliko limeweka alama ya diski linayoitegemea, na likikuta diski hiyo imebadilika, linakataa kuungana nayo. Mnyororo umekatika, na kuurudisha ni kazi ya mtaalamu.

Njia salama ni hii. Kwenye sehemu ya VirtualBox inayosimamia diski, ongeza kwanza diski ya msingi, halafu mafaili ya mabadiliko kwa kufuata mpangilio wake, la mwisho kwa tarehe liwe la mwisho. Kisha lichague hilo la mwisho na uagize nakala yake. VirtualBox itaunganisha mnyororo wote na kukupa diski moja nzima yenye data ya karibuni. Mashine mpya itengeneze kwa hiyo diski. Na tafadhali, nafasi ikipungua kwenye kompyuta, usiingie kwenye folda ya “Snapshots” kufuta mafaili kwa mkono. Snapshoti inaondolewa kupitia VirtualBox yenyewe.

Wengine mna tatizo dogo zaidi. Mashine inasema inashindwa kurejesha hali iliyohifadhiwa? Uliifunga kwa kuilaza badala ya kuizima, na faili lenye picha ya kumbukumbu yake limeharibika. Chagua “Discard Saved State” na uiwashe. Utapoteza kile ambacho hukuwa umekihifadhi tu, sawa na kuchomoa waya wa umeme. Mashine imesimama ghafla yenyewe ikilalamika kuhusu diski? Angalia kama kompyuta yako imejaa. Diski pepe nyingi hukua kadiri unavyoweka vitu, wala hazipungui ukifuta. Toa nafasi, iendeleze. Haijaharibika.

Yupo pia mwenye mashine inayowaka vizuri, lakini Windows ya ndani haifiki mwisho. Ikiwa unapata skrini ya bluu yenye namba 0x0000007B na umetoka kutengeneza mashine mpya, angalia kidhibiti cha diski: huenda mwanzo ilikuwa IDE na sasa umeiweka SATA, au kinyume chake. Irudishe ilivyokuwa. Ikiwa si hivyo, mfumo wa mafaili wa ndani umeumia, na hapa nina msimamo mmoja tu: toa data kwanza, ukarabati baadaye. Amri kama chkdsk kwenye Windows au fsck kwenye Linux kazi yake ni kuufanya mfumo wa mafaili ukae sawa, na ili ufike huko, inaweza kukata vipande vya mafaili yako. Ziendeshe kwenye nakala ya pili pekee, si ile ya kwanza uliyoiweka kando. Kwa mashine isiyo na snapshoti, programu ya bure ya 7-Zip inaweza kufungua faili la .vdi ukiwa kwenye kompyuta yako ya kawaida, ukaona folda za ndani na kuyatoa mafaili yako bila kuwasha mashine. Mhasibu wetu, kinachokuhusu humo ni folda ya data ya programu ya ada. Ukiipata hiyo, hata Windows ile ikifa, itasakinishwa nyingine na kazi itaendelea.

Sasa niseme jambo ambalo sitachoka kuwaambia. Snapshoti siyo nakala ya akiba. Inakaa kwenye diski ileile, kwenye kompyuta ileile, inategemea faili lilelile. Diski ikifa, vyote vinakwenda. Nakala ya akiba ni ile iliyotoka nje: mashine ikiwa imezimwa vizuri, nakili folda yake kwenye diski ya nje, au itoe kama faili moja la .ova kupitia menyu ya “Export Appliance”. Na data ya kila siku usiifungie ndani peke yake. Tengeneza folda ya pamoja kati ya mashine pepe na kompyuta yako, na kila jioni programu ya ada itoe nakala yake humo.

Umeme wetu mnaujua. UPS ndogo haikupi saa za kufanya kazi, inakupa dakika za kuzima mashine ya ndani kwanza, kisha ya nje. Dakika hizo zinatosha. Walimu wakuu na wamiliki wa maduka mnaosoma ukurasa huu, mnunulieni mhasibu wenu hiyo UPS na diski moja ya nje. Kumbukumbu za fedha zenu ziko kwenye faili moja tu, na anayelilinda amekaa peke yake na hofu yake.

Na wewe mdogo wangu uliyeandika, anza na kunakili folda, kisha fungua lile .vbox-prev. Likisomeka au lisiposomeka, niandikie uniambie ulichokiona ndani, na kama folda ya “Snapshots” ina kitu. Mpaka hapo usimruhusu mtu yeyote afomati kompyuta hiyo.