Darsa: Mheshimiwa Anapotuhumiwa, Sisi Tuseme Nini?



Ndugu zangu, mnakumbuka mwisho wa Februari 2024. Karatasi za malipo ya Bunge zilianza kuanikwa kwenye mtandao wa X, kwa jina la maonesho ya Bunge la Uganda. Waliokuwa mbele katika kazi hiyo ni watu kama mwanahabari Agather Atuhaire na mchora katuni Jimmy Spire Ssentongo. Jambo lililowasha moto zaidi lilikuwa ile "tuzo ya utumishi": shilingi bilioni 1.7 walizogawiwa watu wanne wa Tume ya Bunge. Mathias Mpuuga, aliyekuwa Kiongozi wa Upinzani, alipewa milioni 500, na makamishna watatu wa chama tawala milioni 400 kila mmoja. Uamuzi ulipitishwa katika kikao cha Tume cha Mei 2022, na waliogawiwa walikuwa wenyewe ni wajumbe wa Tume hiyo.

Mpuuga alijibu kwamba malipo yalifuata utaratibu na hakuna alichoiba. Chama chake kilimtaka ajiuzulu, akakataa. Mbunge Theodore Ssekikubo akaanza kukusanya saini ili makamishna waondolewe. Mabwenini nasi tukagawanyika: huyu anacheka, huyu anatukana, huyu anamtetea mtu wake, na yule anasema wote ni wezi, tuacheni tusome. Darsa ya leo ni juu yetu sisi wasemaji kuliko wao watuhumiwa, maana ulimi wetu nao una hesabu yake.

Tuanze na swali la mali, kwa sababu wengi walilifunga haraka kwa kusema "ilikuwa halali kisheria". Katika Bukhari na Muslim imo habari ya Ibn al-Lutbiyya, mtu wa kabila la Azd, aliyetumwa na Mtume (s.a.w.) kukusanya zaka. Aliporudi aliigawa mali mafungu mawili: fungu moja akasema ni lenu, la pili akasema yeye amepewa zawadi. Mtume (s.a.w.) akapanda mimbari. Akauliza, kwa maana yake, kama mtu huyo angekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake, je, zawadi hiyo ingemfuata huko? Kisha akaonya juu ya mzigo ambao mwenye kuchukua namna hiyo atakuja nao shingoni Siku ya Kiyama.

Angalieni vizuri: Ibn al-Lutbiyya hakuficha kitu. Alisema wazi, mbele ya watu. Lakini uwazi wake haukumaliza swali, kwa sababu swali lilikuwa juu ya kiti alichokalia. Kwa hiyo mwananchi wa Uganda anayeuliza, "Kama wasingekuwa ndani ya Tume, wangepewa?" anauliza swali lenye asili katika dini yetu. Kuuliza si kuhukumu. Na jambo jingine: Mtume (s.a.w.) aliposimama juu ya mimbari alisema juu ya mfanyakazi tunayemtuma, hakumtaja kwa jina. Tendo lilianikwa lote, mtu akasitiriwa.

Sasa tuje kwa kisa ambacho kwangu ndicho kiini cha darsa hii. Watu wa Kufa walimshitaki gavana wao kwa Khalifa Umar (r.a.). Gavana huyo alikuwa Sa'd bin Abi Waqqas (r.a.), mmoja wa wale kumi waliobashiriwa Pepo. Malalamiko yalifika hadi kusema kwamba hata kuswali hajui vizuri! Umar angeweza kuitupa barua. Nani anamshitaki Sa'd? Hakuitupa. Kwanza alimwuliza Sa'd mwenyewe, naye akaeleza kuwa anawaswalisha kama alivyoswali Mtume (s.a.w.), anarefusha rakaa mbili za mwanzo na kufupisha mbili za mwisho. Umar akamwambia kuwa hiyo ndiyo dhana yake juu yake. Hata hivyo hakutosheka na dhana yake nzuri. Alituma watu Kufa wakapita msikiti kwa msikiti wakiuliza. Kila mahali wakasikia sifa njema, mpaka msikiti wa Banu Abs. Hapo akasimama mtu aitwaye Usama bin Qatada, akasema Sa'd haendi na jeshi, hagawi kwa usawa na hahukumu kwa uadilifu.

Sa'd akaomba dua dhidi yake, lakini kwa sharti: ikiwa mtu huyu ni mwongo na amesimama ili aonekane na asikike, basi Allah arefushe umri wake, arefushe ufukara wake na amtie katika fitina. Mpokezi mmoja wa hadithi anasema alimwona mtu huyo baadaye, mzee ambaye nyusi zimemwangukia machoni, bado anasumbua wasichana njiani.

Nisomapo "ili aonekane na asikike" nafikiria kidole kinachosambaza picha saa nane za usiku kabla mwenye kidole hajaisoma. Suratul Hujurat aya ya 6 inatutaka tuhakikishe habari kabla hatujawadhuru watu kwa ujinga, na leo kuna picha za kutengenezwa na kompyuta ambazo hata mwalimu wako wa sayansi ya kompyuta zitamchukua dakika kuzitambua. Maonesho yale yalipata nguvu kwa sababu yalileta nyaraka: tarehe, kiasi, akaunti. Waliokuja baada yake kwa uvumi mtupu waliwasaidia watuhumiwa, kwa kuwapa la kukanusha kwa urahisi.

Kisa cha Sa'd kina sehemu ya pili inayosahauliwa. Umar alimwondoa Sa'd kwenye ugavana na kumweka Ammar bin Yasir. Lakini Umar alipokuwa kitandani kwa majeraha yaliyomwua, aliusia kwamba kama uongozi utamfikia Sa'd basi sawa, na kama haukumfikia, atakayetawala amtumie, kwani hakumwondoa kwa udhaifu wala kwa khiyana. Kwa hiyo kumpisha mtu kwenye cheo ni jambo moja, kumtia hatiani ni jingine. Kwetu vitu hivi vimefungwa pamoja kama magunia ya boda: mheshimiwa anaona akijiuzulu amekiri, na umma unaona akijiuzulu ameiba. Ndiyo maana hakuna anayepisha.

Je, kuyazungumza haya yote si ghiba? Imam an-Nawawi katika Riyadh as-Salihin ametaja hali sita ambamo kumtaja mtu kwa baya lake kunaruhusiwa, na miongoni mwake ni mwenye kudhulumiwa anayepeleka shitaka lake, mwenye kutafuta msaada wa kuondoa uovu, na mwenye kuwaonya Waislamu. Pesa ya umma imo humo kabisa. Lakini ruhusa haivuki haja yake. Milioni 500, sema. Kikao cha Mei 2022, sema. Mwili wa Spika, ndoa yake, watoto wake, kabila lake? Hakuna fungu la bajeti humo. Matusi yale yalikuwa mengi, na nasikitika kwamba baadhi yalitoka kwenye akaunti zenye aya za Qur'ani juu ya ukurasa.

Kuna ugonjwa mwingine, na huu unatuhusu sisi hasa. Tarehe 30 Aprili 2024 Uingereza ilimwekea vikwazo Spika Anita Among, ikitaja ufisadi. Yeye alikana, akasema anaadhibiwa kwa ajili ya Sheria ya Kupinga Ushoga ya 2023. Muswada wa sheria hiyo, mnajua, uliletwa na Asuman Basalirwa, Mwislamu mwenzetu, na misikiti mingi iliuunga mkono. Basi ghafla wapo waliosema asiulizwe tena juu ya fedha, kwa kuwa alisimama nasi. Mtu anaweza kuichukia nia ya Mwingereza na bado akataka hesabu za Bunge zikaguliwe.

Someni Suratun Nisaa kuanzia aya ya 105. Wafasiri wanaeleza kwamba watu wa Banu Ubayriq wa Madina walihusika na wizi, kisha lawama ikasukumwa kwa Myahudi, na jamaa zao wakaja kumtetea mtu wao mbele ya Mtume (s.a.w.). Wahyi ukashuka kumsafisha Myahudi na kukataza kuwa mtetezi wa mahaini. Aya ya 135 ya sura hiyo hiyo inadai ushahidi wa haki hata dhidi ya nafsi zetu na wazazi wetu. Mheshimiwa wa dini yako si wa karibu zaidi kuliko mzazi.

Na haki ni ya wote, hata yule tusiyempenda. Machi 2022 Bunge lilimwondoa Francis Zaake katika ukamishna kwa maneno aliyoandika mtandaoni juu ya Among, ambaye wakati huo alikuwa Naibu Spika. Siku ya kura, Among mwenyewe ndiye aliyekalia kiti. Mwaka 2023 Mahakama ya Katiba ilibatilisha uamuzi huo. Maneno ya Zaake yawe mazuri au mabaya, mdai hawezi kuwa kadhi wa shauri lake.

Wale wa "wote ni wezi, tuacheni tusome" nimewaacha mwisho, na kwa maoni yangu wao ndio waliokosea zaidi, kwani wanamweka mwadilifu na mwizi kapu moja, na mwizi hupenda sana kapu hilo. Wanasema hakuna njia. Njia ni nyembamba, kweli. Kifungu cha 84 cha Katiba kinachowapa wapiga kura haki ya kumrudisha nyumbani mbunge wao kinafanya kazi chini ya mfumo wa Movement tu, na tangu kura ya maoni ya 2005 turudi vyama vingi kimelala. Na vijana walioandamana kwenda Bungeni tarehe 23 Julai 2024 walikamatwa. Lakini Mkaguzi Mkuu wa Serikali, yaani IGG, anapokea malalamiko ya raia yeyote, Baraza la Maadili ya Uongozi linasikiliza mashauri, na kifungu cha 83 kinasema mbunge anaweza kupoteza kiti kwa hukumu ya baraza hilo. Sheria ya mwaka 2010 inawalinda wanaofichua maovu kwa kufuata njia zake. Wanafunzi wa sheria miongoni mwetu wanaweza kutufundisha kuandika lalamiko lenye tarehe, kiasi na shahidi.

Kwa halaka ya wiki hii, someni hadithi ya Ibn al-Lutbiyya na aya za 105 hadi 113 za Suratun Nisaa, kisha mjadili: ikiwa mweka hazina wa jumuiya yetu wenyewe atalalamikiwa kesho, nani atamwuliza kwanza, nani atazikagua stakabadhi, na je, atakaa pembeni wakati zinakaguliwa?