Kuwafundisha watumishi wa chuo kikuu kutengeneza ripoti za data: uanzie wapi, utumie nini, ulipe kiasi gani

Makamu Mkuu wa Chuo anauliza: mwaka huu tuna wanafunzi wangapi? Ofisi ya udahili inahesabu waliothibitisha nafasi zao. Uhasibu wanahesabu waliolipa ada. Watu wa mitihani wanahesabu waliosajili masomo ya muhula. Namba tatu zinafika mezani, na hakuna aliyedanganya. Chuo kikifika hapo, uamuzi unaofuata mara nyingi ni kununua programu na kuitisha mafunzo. Programu inasaidia, ila kuna kazi inayotangulia, nayo inahitaji kikao kimoja tu.

Kama wewe ndiye afisa TEHAMA, mkuu wa idara au afisa utumishi uliyekabidhiwa mafunzo hayo, tuanze na jina la kitu chenyewe. Zana za ripoti za data ni programu zinazochukua orodha ndefu kutoka kwenye mifumo ya chuo, tuseme mfumo wa usajili au wa malipo, na kuzigeuza kuwa majedwali mafupi na grafu ambazo mtu anaweza kuzisoma kwa dakika mbili. Ukurasa mmoja wenye grafu kadhaa zinazosasishwa kutoka kwenye data unaitwa dashibodi. Zana hizi hazikusanyi data wala hazirekebishi kilichoingizwa vibaya. Jina la mkoa likikosewa kwenye mfumo, grafu italichora hivyo hivyo, kwa rangi nzuri.

Kwenye kikao hicho cha kwanza waite wenye data: msajili, uhasibu, mitihani, mipango na TEHAMA. Ajenda ni moja: kukubaliana maana. “Mwanafunzi aliyesajiliwa” ni nani? Anahesabiwa tarehe gani? Aliyeahirisha mwaka yumo au hayumo? Majibu yaandikwe kwenye ukurasa mmoja, kila neno na maana yake, na jina la ofisi inayolisimamia. Kwa Tanzania, ukurasa huo utakusaidia hata pale Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) au Bodi ya Mikopo wanapotaka takwimu zinazofanana lakini zisizo zilezile. Ukiruka hatua hii, mafunzo yatazalisha watu wenye ujuzi wa kutengeneza namba zinazopingana kwa haraka zaidi.

Nani afundishwe? Si kila mtu, na si wote kwa pamoja. Wakuu wa vitivo na wakurugenzi wanahitaji kusoma ripoti tu: kuchuja kwa kitivo au mwaka, kujua namba imetoka wapi, kuhoji grafu inayotia shaka. Saa mbili zinawatosha. Makarani na maafisa wanaotayarisha taarifa za kila mwezi ndio wanaohitaji mafunzo marefu, kwa kuwa wao ndio watakaotengeneza. Kuna na kundi la tatu ambalo husahauliwa: wanaoingiza data. Hawa hawahitaji kujua kuchora grafu. Waonyeshe tu kinachotokea kwenye ripoti pale mmoja anapoandika “BCom”, mwingine “B.Com” na mwingine “Bcom Accounting”. Wakiliona kwa macho yao hutahitaji kuwahubiria.

Sasa gharama. Excel chuo chako karibu hakika kinayo tayari, na kwa ripoti nyingi za ofisi inatosha. Karatasi yake moja inabeba mistari zaidi ya milioni moja. Asiye na leseni ya Excel anaweza kutumia LibreOffice Calc, ambayo ni bure. Ukitaka dashibodi, Power BI Desktop ya Microsoft ni bure kupakua na kutumia, lakini inaendeshwa kwenye Windows peke yake. Gharama inaanza pale unapotaka kuwashirikisha wenzako ripoti kupitia mtandao. Leseni ya Pro, kwa bei ya kawaida iliyoanza Aprili 2025, ni dola 14 za Marekani kwa mtu mmoja kwa mwezi, na kwa kawaida anayesoma naye anahitaji leseni, si anayetengeneza tu. Watu 20 ni dola 280 kwa mwezi, yaani dola 3,360 kwa mwaka. Kabla hujaomba bajeti hiyo, ulizia kwenye kitengo cha TEHAMA mambo mawili: kama chuo kina kifurushi cha Microsoft 365 A5, ambacho tayari kina Pro ndani yake, na kama mnaweza kupata bei nafuu ya taasisi za elimu. Njia isiyo na gharama ni kutengeneza ripoti kwenye Desktop, kuitoa kama PDF na kuituma kwa barua pepe. Haina mvuto wa dashibodi, lakini wakurugenzi wengi wanachotaka ni hiyo PDF.

Google nao wana Looker Studio. Ni bure, inafanya kazi ndani ya kivinjari, na inafaa pale chuo kinapotumia barua pepe na majedwali ya Google. Ila inadai intaneti muda wote.

Ushauri wangu: siku ya kwanza fundisha Excel, hata kama lengo la mwisho ni Power BI. Chukua orodha halisi ya ofisi husika, ifutwe majina na namba za simu, kila mwanafunzi awe na mstari wake. Mstari wa juu kabisa uwe na vichwa vya safu, bila visanduku vilivyounganishwa, na pasiwe na mistari mitupu katikati. Weka kishale popote ndani ya orodha, bonyeza Insert, kisha PivotTable. Pivot ni jedwali la muhtasari linalohesabu lenyewe kwa makundi unayoyachagua. Buruta safu ya programu ya masomo kwenye Rows, jinsia kwenye Columns, na namba ya usajili kwenye Values. Papo hapo unapata idadi ya wanawake na wanaume kwa kila programu.

Hapo ndipo darasa linapochangamka, maana makosa yanajitokeza. Kama namba za usajili zimehifadhiwa kama namba za hesabu, Excel haitazihesabu. Itazijumlisha, na jedwali litadai kuwa kitivo kina wanafunzi mabilioni. Waonyeshe jinsi ya kubadili kutoka Sum kwenda Count. Programu moja ikitokea mara tatu kwa tahajia tatu, waache wenyewe wagundue kwa nini. Na wajue kwamba kwenye matoleo mengi ya Excel pivot haijisasishi: ukirekebisha kitu ndani ya orodha, bonyeza kulia kisha Refresh, la sivyo utapeleka kikaoni namba za wiki iliyopita. Kosa lingine la kila siku ni sifuri za mwanzo. Faili la maandishi matupu kutoka kwenye mfumo likifunguliwa moja kwa moja, namba ya simu inayoanza na 0712 itaanza na 712. Dawa yake ni kuiambia Excel kwamba safu hiyo ni maandishi wakati wa kuingiza data, si baadaye.

Hatua inayofuata ni Power Query, iliyomo ndani ya Excel tangu toleo la 2016 na pia ndani ya Power BI. Kazi yake ni kukumbuka hatua za usafishaji. Ukifuta safu zisizohitajika, ukasawazisha tahajia na kuunganisha orodha ya usajili na ya malipo, inaziandika hatua zote. Mwezi ujao unaweka faili jipya mahali pa lile la zamani, unabonyeza Refresh, na kazi ya asubuhi nzima inaisha kwa dakika chache. Sharti lake ni vichwa vya safu visibadilike. Mtu wa TEHAMA akigeuza “RegNo” kuwa “Reg Number” bila kuwaambia, ripoti yote itakwama. Hilo nalo likubaliwe kwenye kile kikao.

Power BI yenyewe ije baada ya watu kuizoea Power Query. Kwenye fomula zake, zinazoitwa DAX, fundisha chache tu: kujumlisha, kuhesabu wasiojirudia, kupata asilimia. Anayetaka zaidi atapata masomo ya bure kwenye Microsoft Learn. Mtihani wa cheti, PL-300, upo kwa atakaye, lakini karani wa udahili hauhitaji ili afanye kazi yake vizuri.

Mafunzo yafanyike lini? Usiyaweke wakati wa usajili wala wa mitihani. Kwa vyuo vingi vya Tanzania likizo ndefu ya kati ya Julai na Septemba ndiyo yenye nafasi. Nusu siku kwa wiki, kwa wiki tano au sita, inazaa matunda kuliko siku tano mfululizo hotelini, kwa sababu mtu anarudi ofisini, anakwama, na wiki inayofuata analeta swali la kweli. Maabara ya kompyuta ya chuo inatosha, hivyo hela ya ukumbi inabaki. Programu zipakuliwe mapema na kuwekwa kwenye kila kompyuta. Power BI Desktop ina ukubwa wa mamia ya megabaiti, na watu ishirini wakiipakua kwa pamoja asubuhi ya kwanza, mtandao utalala.

Usalama wa data uwe na kipindi chake, usiachwe kwa dakika kumi za mwisho. Jambo wengi hawalijui: ukifuta orodha ya wanafunzi kwenye faili na kubakiza pivot peke yake, orodha inaweza kuwa bado imo ndani. Anayepokea akibofya mara mbili kwenye namba yoyote ya jedwali, Excel inamfungulia mistari yote iliyo nyuma yake, pamoja na ada inayodaiwa na alama. Kwa hiyo kwa mtu wa nje tuma PDF, au nakili jedwali na kulibandika kama thamani tupu kwenye faili jipya. Kwenye Power BI jihadharini na kitufe cha Publish to web. Kinatoa kiungo ambacho mtu yeyote duniani anaweza kukifungua bila nywila. Kwa grafu ya idadi ya wahitimu ni sawa. Kwa kitu chochote chenye taarifa za mtu mmoja mmoja, usikiguse. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Zote zinahusu rekodi za wanafunzi na za watumishi, na zote zina masharti kuhusu kupeleka taarifa hizo nje ya nchi. Basi kabla ya kupakia orodha kwenye huduma ya mtandaoni, pata kibali cha afisa wa ulinzi wa taarifa au mwanasheria wa chuo.

Mafunzo yakiisha, kila ofisi ichague ripoti moja ambayo huiandaa kila mwezi na kuibadilisha iwe ya njia mpya. Moja tu. Kwa miezi miwili iandaliwe kwa njia zote mbili na namba zilinganishwe; zikipishana, chanzo kitafutwe kabla ya kuiacha ya zamani. Kila ripoti iwe na watu wawili wanaoijua na maelezo ya ukurasa mmoja yaliyohifadhiwa pamoja na faili, kwenye folda ya ofisi na si kwenye kompyuta mpakato ya mtu. Watumishi huhamishwa na huenda likizo, na taarifa ya robo mwaka bado itatakiwa tarehe ileile.