Mahali pa Kale Palipotangazwa: Je, Kikundi Chetu Kinahusika?

Katika somo hili tunazungumza juu ya mahali pa kale ambapo serikali imepatangaza kuwa urithi wa taifa. Wengi wetu tukiona kibao cha Makumbusho ya Taifa tunapita tu, tukisema hayo ni mambo ya watalii. Wengine wana hofu: kibao kikiwekwa, basi shamba limekwenda. Tuangalie ukweli ni upi. Mifano yetu ni ya Kaunti ya Kilifi, lakini sheria ni moja nchi nzima.

1. Tuone tulicho nacho

Mji wa kale wa Gede una kuta za mawe, misikiti, visima na jumba kubwa la mtawala. Watu waliuhama mwanzoni mwa karne ya 17, na serikali ikautangaza mwaka 1927. Tunayo pia magofu ya Mnarani na Jumba la Mtwana, na kule Malindi nguzo ya Vasco da Gama na kanisa dogo la Wareno.

Halafu kuna kaya. Hii ni misitu ambayo ndani yake wazee wa Kimijikenda walijenga vijiji vyao na kuzika watu wao. Serikali ilianza kuzitangaza mwaka 1992. Mwaka 2008 baadhi yake ziliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, jumla ya hekta 1,538. Nyingi za hizo ziko Kilifi: Giriama, Jibana, Kambe, Kauma, Ribe na Rabai.

2. Sheria inasema nini?

Sheria inayotumika ni ile ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006. Tushike mambo manne.

(a) Waziri akitaka kutangaza mahali, ni lazima atoe ilani katika Gazeti Rasmi la Serikali. Mwenye pingamizi ana miezi miwili ya kulipeleka. Miezi hiyo ikipita mmenyamaza, msiseme mlionewa.

(b) Mahali pakishatangazwa, hakuna ruhusa ya kuchimba, kubomoa, kujenga au kubeba mawe bila kibali.

(c) Mtu akifukua vitu vya kale, kwa mfano vigae, makaburi au ukuta, anatakiwa kuwaarifu Makumbusho ya Taifa bila kuchelewa na kuonyesha mahali penyewe. Asiviuze kwa mtu wa kupita.

(d) Kutangazwa peke yake hakufuti hati ya mwenye shamba. Kunamwekea mipaka ya matumizi. Tofauti hiyo ni kubwa, na ni vizuri mwenye shamba aielewe mapema.

Tena Katiba ya 2010, kifungu cha 63, inahesabu mahali pa ibada za jadi panapotunzwa na jamii kuwa ardhi ya jamii. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaeleza namna jamii inavyoandikisha ardhi yake.

3. Karatasi peke yake hailindi

Sheria tunayo, lakini askari wa makumbusho hawezi kulala katika kila kaya. Wagiriama wanajua habari za vigango, ile miti iliyochongwa kuwakumbuka wazee waliofariki. Viliibwa vingi sana, vikauzwa ng'ambo kama mapambo. Viwili vilirudishwa kutoka Marekani mwaka 2007, baada ya kukaa huko zaidi ya miaka 20. Vingine 30 vilirudi kutoka jumba la makumbusho la Denver mwaka 2019. Mara nyingi mwizi alikuwa kijana wa hapa hapa aliyepewa pesa kidogo, na faida ikaenda kwa mwenye duka.

Katika kaya, ulinzi wa kwanza umekuwa wa wazee: hakuna kukata mti, hakuna kuingia nje ya njia, na anayekosa analipa faini ya kuku au mbuzi. Lakini wazee hao wanapungua, na hapa Kilifi wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, mara nyingi ugomvi wenyewe ukiwa wa shamba. Mzee akiuawa, jamii yake imepoteza mtu, na pia mpaka wa msitu aliokuwa akiujua kichwani umepotea. Atakayekuja na msumeno au tingatinga hatapata wa kumwambia, "Ishia hapa."

Wengine wetu huuliza kama Mkristo anaweza kusaidia kutunza kaya. Kulinda msitu, maji na makaburi ya watu si kuabudu. Ni ujirani mwema.

4. Je, kuna faida ya pesa?

Tusidanganyane. Kaya nyingi hazipati mtalii hata mmoja kwa mwezi. Lakini mifano ipo. Mradi wa Kipepeo pale Gede ulianza mwaka 1993: wakulima wa kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke wakafuga vipepeo na kuuza buu zake ng'ambo, bila kukata mti. Kule Kwale, jamii ya Kaya Kinondo yenyewe imekuwa ikitembeza wageni msituni, kwa masharti ya wazee. Kabla ya kuanza mradi, kikundi kipige hesabu: mnunuzi ni nani, nani atashika pesa, na wazee wamekubali?

5. Maswali ya kujadiliana

- Karibu nasi kuna mahali gani pa kale? Pametangazwa au bado?
- Ni nani anayejua mipaka yake? Ana umri gani?
- Ni nani anayekata, kuchimba au kubeba mawe pale? Anasukumwa na shida gani?
- Mzee akisingiziwa uchawi kijijini kwetu, kikundi kitasimama wapi?

6. Kazi ya kufanya

Kabla ya mkutano ujao, chagueni watu watatu: mzee mmoja, mama mmoja na kijana anayejua kuandika vizuri. Wazunguke mpaka wa mahali hapo pamoja na mzee anayeujua, waandike alama zake: mbuyu, jiwe, kijito, njia. Andikeni nakala tatu. Moja ibaki kwa katibu, moja apewe chifu, na moja ipelekwe ofisi ya Makumbusho iliyo karibu. Katibu aandike tarehe na jina la aliyeipokea.