Mapato yote yako kwa simu? Soma hii kabla bonasi haijaingia



Kutoka Litein hadi Mogogosiek, chai ndiyo huamua kama kuna pesa sokoni. Malipo ya majani yakiingia benki au sacco, na zaidi ile bonasi ya mwezi wa kumi, mkulima huhamisha kwa simu. Anamlipa mchumaji kwa simu, naye mchumaji analipa duka na bodaboda kwa simu. Sisi tunafurahi, hiyo ndiyo kazi yetu. Lakini kutegemea simu pekee kuna hatari zake.

Tuanze na Fuliza, maana hapo ndipo wengi hushtuka. Ilianza Januari 2019, na hukuwezesha kulipa hata salio likiwa halitoshi. Deni lake halingoji ukumbuke: pesa ikiingia kwa laini, linakatwa kwanza. Tuseme wewe ni mchumaji na deni, pamoja na ada, limefika shilingi 1,400. Ukilipwa 2,000 unabaki na 600. Jumatatu unafuliza tena ndiyo watoto wale, na malipo ya wiki ijayo yanaliwa kabla hayajafika. Ada ya kila siku nayo inaongezeka hadi umalize. Kwa hivyo angalia deni kabla ya siku ya malipo, na upange na kile kitakachobaki, si kile ulichoahidiwa.

Mwenye duka, usikubali kuonyeshwa ujumbe kwa simu ya mteja. Angalia salio lako mwenyewe. Ujumbe wa kweli wa M-Pesa huja kwa jina MPESA, si kwa namba ya mtu. Na akipiga mtu analia ati ametuma kimakosa, usimrudishie kwa namba nyingine. Mwambie atume ule ujumbe wake kwa 456, wahusika wachunguze. (Anayekataa kufanya hivyo, mara nyingi ushajua ni nani.)

Msimu wa bonasi pia ni msimu wa simu za ajabu. Hakuna mfanyakazi wa kampuni yoyote anayehitaji PIN yako, hata akijua jina lako lote na namba ya kitambulisho. Laini ikipoteza mtandao ghafla na ya jirani inafanya, kuna uwezekano imebadilishwa na mtu mwingine. Azima simu upige huduma kwa wateja saa hiyo hiyo, usingoje jioni.

Mtandao nao hulala wakati mwingine. Weka pesa taslimu za siku mbili nyumbani, za unga na nauli ya hospitali.

Kwa mkulima mwenye bonasi kubwa: M-Pesa haibebi zaidi ya shilingi 500,000, na muamala mmoja hauzidi 250,000. Hata kama inatosha kuingia yote, iache sacco au benki, uhamishe ya wiki moja tu. Simu ikiibwa stendi ya Kericho, mwizi atakuwa amechukua simu, si ada ya shule ya Januari.